Umefunga Ignisheni ya Kielektroniki: Mpira wa Vakyumu Unachomekwa Wapi?

Karibu kila anayevua pointi (swichi ndogo za zamani za kukata umeme wa koili) na kufunga moduli ya kielektroniki kwenye gari la zamani hukwama mahali palepale. Waya mwekundu umepata pa kwenda, mweusi nao umepata, kifuniko cha distributa (kigawa cheche) kimerudi, halafu kuna mpira mmoja mwembamba unaning'inia pembeni na hakuna anayekumbuka ulitoka wapi. Ndipo linakuja lile swali: "Sasa nimeweka ya kielektroniki, huu mpira nauchomeka wapi?"

Jibu fupi: palepale ulipokuwa. Moduli imechukua kazi ya pointi na kondensa, basi. Inakata na kuunganisha umeme wa koili. Habari za vakyumu, yaani mnyonyo wa injini, haizijui, na injini yako haikubadilika kwa sababu umeme wake unakatwa kwa njia nyingine. Kama gari lilikwenda vizuri mpira ukiwa kwenye kidomo (mrija mfupi wa kuchomekea) fulani cha kabureta, leo nalo linautaka hapohapo.

Jibu refu linahitajika kwa sababu magari ya umri huu yameshapita mikono mingi. Kabureta huenda si yake, distributa huenda ilitoka kwenye injini nyingine, na mpira ulishahamishwa zamani na mtu aliyekuwa na haraka. Kwa hiyo "palepale ulipokuwa" huenda pakawa mahali pabaya tangu miaka mingi iliyopita.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudisha moduli dukani nikaapa kwamba ni mbovu. Gari lilikuwa zito, linakunywa mafuta, linapata joto likitembea mwendo wa taratibu. Nikapewa moduli nyingine, ugonjwa ukabaki vilevile. Kumbe mpira nilikuwa nimeuchomeka kwenye kidomo cha kupumulia bakuli la kabureta, ambacho hakina vakyumu hata chembe. Tangu hapo, mtu akiniambia moduli yake imekufa, kwanza namwomba anionyeshe mpira.

Nadharia kidogo, kisha tushike spana

Cheche haitakiwi kuruka wakati uleule kila mara. Injini ikizunguka kwa kasi, lazima iwahi zaidi. Hiyo ni kazi ya vile vyuma vizito viwili vilivyo chini ndani ya distributa, vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyopanda. Gari likienda kwa mguu mwepesi, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa hafifu na unaungua polepole, kwa hiyo cheche inatakiwa iwahi tena. Hapo ndipo kopo la vakyumu linapoingia. Ndani yake kuna dayaframu. Ikinyonywa inavuta kifimbo, kifimbo kinazungusha bamba lililobeba pointi, na bamba linakwenda kinyume na mzunguko wa rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko na kugawa cheche. Kwenye moduli zinazofungwa ndani ya distributa ya zamani, moduli inakaa juu ya bamba hilohilo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Vakyumu ya kuvuta dayaframu hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni vakyumu ya manifoldi (mabomba ya kupeleka mchanganyiko kwenye silinda): kidomo kipo chini ya kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta, au kwenye manifoldi yenyewe, na nguvu yake iko juu injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Ya pili ni vakyumu ya kabureta: tundu lake lipo juu kidogo tu ya ukingo wa kipepeo, hivyo kwenye sailensa halinyonyi kitu, na kipepeo kikifunguka kidogo tu vakyumu inatokea. Ukiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida hizi mbili ni karibu sawasawa. Ukikanyaga hadi sakafuni zote zinapotea. Tofauti yake halisi ni kwenye sailensa peke yake. Kuna watu wamegombana juu ya jambo hili miaka na miaka. Mimi nafuata aliyetengeneza injini, maana taimingi ya msingi (wakati cheche inaporuka kabla vyuma na kopo havijaongeza kitu), vile vyuma na kopo lenyewe alivipanga pamoja.

Andaa hivi kabla ya kufungua boneti

- Kitabu cha gari, au angalau namba ya taimingi ya injini yako na maelezo kama inapimwa mpira ukiwa umechomolewa au umechomekwa.
- Taa ya taimingi. Bila hii usianze.
- Geji ya vakyumu. Ukipata pampu ya mkono yenye geji, ni bora zaidi.
- Mpira mpya wa vakyumu wenye ukuta mnene, mita moja au zaidi. Vidomo vingi vya distributa vinataka mpira wenye tundu la milimita 3 hadi 4 hivi, lakini pima chako. Baadhi ya magari ya Marekani yana vidomo vinene kidogo.
- Vizibo vya mpira vya saizi mbili tatu, na boliti ndogo laini ya kuzibia mpira kwa muda.
- Bisibisi, spana, kisu kikali, multimita, chaki au rangi nyeupe.

Usinunue mrija angavu wa plastiki kwa sababu unapendeza. Joto la injini linaulegeza, unajibana kwenye kona, ukipoa unakuwa mgumu kama kijiti. Mipira ya silikoni inavumilia joto vizuri lakini haipatani na petroli, na mpira unaotoka kwenye kabureta mvuke wa petroli hauukosi. Mpira mweusi wa kawaida wa vakyumu unatosha kabisa.

Hatua

1. Piga picha, kisha weka alama. Piga picha kila mpira kutoka pande mbili kabla hujagusa chochote. Funga kipande cha karatasi kwenye kila mwisho unaouchomoa. Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1970 yana lebo ya mchoro wa mipira ya vakyumu chini ya boneti. Kama yako bado inasomeka, ipige picha pia kabla haijabanduka. Halafu chora mstari wa chaki kutoka kwenye mwili wa distributa hadi kwenye injini, ili ujue ilikuwa imeelekea wapi.

2. Chomoa terminali ya betri inayokwenda bodi, yaani mwili wa gari. Hapohapo hakikisha ni hasi ndiyo iliyo kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, na moduli ya hasi ukiifunga humo haikupi nafasi ya pili.

3. Pima kopo la vakyumu kabla ya kufunga kitu kipya. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa siku nzima. Vua kifuniko cha distributa na rota. Chomeka kipande cha mpira safi kwenye kidomo cha kopo, kisha vuta kwa pampu ya mkono hadi inchi 15 za zebaki hivi. Bamba lisogee, na sindano ya geji itulie hapo kwa dakika nzima bila kushuka. Kama huna pampu, nyonya kwa mdomo, bamba likisogea ziba mwisho wa mpira kwa ulimi. Ukisikia ulimi unabaki umeshikwa, dayaframu ni nzima. Ulimi ukiachiwa polepole, dayaframu imetoboka na kopo ni la kubadilisha. Tumia mpira safi kweli, si ule wa zamani uliolala kwenye petroli.

   Kama vakyumu inashikilia lakini bamba halisogei, bamba limekwama kwa kutu na grisi ya zamani. Lisafishe, weka tone la mafuta mepesi kwenye egemeo lake, lizungushe kwa mkono mpaka lilegee na lirudi lenyewe. Bamba lililokwama halifunguki kwa sababu umeweka moduli mpya juu yake.

4. Funga moduli ukiwa na bamba akilini. Fuata karatasi ya kiwanda kwa pete ya sumaku na nafasi yake. Kwenye moduli kama PerTronix Ignitor, waya mwekundu unakwenda chanya ya koili na mweusi unakwenda hasi. Koili nayo ipimwe upinzani wake na ulinganishwe na ule unaotakiwa kwenye karatasi. Ila kwa upande wa vakyumu, angalia mambo manne:

   Waya za moduli ziwe na ulegevu ndani ya distributa. Ukizivuta zikanyooka vizuri na kupendeza, umelifunga bamba kamba. Linapotaka kuzunguka waya unalizuia, na kila siku unamenyeka kidogo mpaka ukatike.

   Skrubu zisiwe ndefu kuliko za zamani. Ikitokeza chini ya bamba inagonga sehemu isiyosogea.

   Kile kiwaya kidogo cha kusukwa kinachounganisha bamba na mwili wa distributa usikitupe. Baadhi ya moduli hupata bodi kupitia hapo. Kama kimebaki nyuzi mbili, weka kipya, na kiwe laini ili kisizuie bamba.

   Kama ulivua kopo ili upate nafasi, hakikisha kifimbo chake kimerudi kwenye pini ya bamba na klipu yake ipo. Nimeona distributa kadhaa ambazo kifimbo kilikuwa kinaelea hewani, kopo linavuta vizuri na hakuna kinachosogea.

5. Rudia kipimo cha hatua ya 3, sasa moduli ikiwa mahali pake. Nyonya, tazama. Bamba na moduli vinasogea pamoja kinyume na mzunguko wa rota, kisha vinarudi vyenyewe bila kusuasua. Zungusha injini kwa mkono kidogo kidogo na urudie, uone kwamba moduli haigusi pete ya sumaku mahali popote. Kama bamba linasogea kufuata mzunguko wa rota, ama kopo hilo ni la kuchelewesha cheche, ama distributa ni ya injini inayozunguka upande mwingine. Simama hapo kwanza.

6. Washa injini mpira ukiwa umezibwa. Rudisha rota, kifuniko na betri. Mpira unaotoka kwenye kabureta chomoa upande wa distributa na uzibe kwa boliti. Washa, acha injini ipate joto lake la kawaida. Kama inawaka kwa shida, zungusha distributa kidogo mpaka itulie. Taimingi kamili inakuja baadaye. Injini ikizimika, zima na swichi. Moduli na koili zinaweza kuungua kwa kuachwa na umeme injini ikiwa imesimama.

7. Tambua vidomo vyako kwa geji, usiviamini kwa macho. Kabureta inaweza kuwa na vidomo vitatu vinavyofanana kabisa na kila kimoja kina kazi yake. Chomeka geji kwenye kimoja, vingine viwe vimezibwa. Soma kwenye sailensa, kisha pandisha mzunguko hadi kama 2000 kwa dakika na usome tena.

   Geji ikisoma inchi 17 hadi 21 kwenye sailensa, hicho ni cha manifoldi. (Hiyo ni kwa injini nzima karibu na usawa wa bahari, kila mita 300 unazopanda, punguza kama inchi 1.) Ikisoma sifuri kwenye sailensa na kupanda ukigusa mafuta, hicho ni cha kabureta, kile cha juu ya kipepeo. Isiposoma kitu wakati wote, ni kidomo cha kupumulia au kimeziba kwa uchafu. Kitoboe kwa waya laini na hewa kabla ya kukihukumu.

   Andika majina kwenye kipande cha plasta na ubandike. Kesho hutakumbuka.

8. Chagua. Kitabu kikisema kabureta, weka kabureta. Kikisema manifoldi, weka manifoldi. Kama kitabu hakuna na kabureta si yake, anza na kidomo cha juu ya kipepeo. Ni chaguo la mtu mwangalifu, kwa sababu sailensa haiguswi na unaweza kusoma taimingi bila kuchanganyikiwa. Injini zenye kemshafti kali, ambazo sailensa yake inatetemeka, wakati mwingine hutulia na kupoa zaidi kwa vakyumu ya manifoldi, lakini hapo utahitaji kopo linalovuta kikamilifu kwa vakyumu ndogo. Kopo gumu kwenye injini ya vakyumu hafifu linavuta na kuachia, linavuta na kuachia, na sailensa inacheza nalo.

   Makopo ya Lucas mara nyingi yana namba tatu zilizogongwa, kwa mfano 5-17-8. Maana yake: linaanza kuvuta kwenye inchi 5 za zebaki, linamaliza kwenye inchi 17, na linaongeza digrii 8 za distributa. Krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka mara mbili distributa ikizunguka mara moja, kwa hiyo digrii 8 hizo ni 16 kwenye taa yako ya taimingi. Hapo watu wengi hupotea.

9. Kata mpira na uupitishe vizuri. Mfupi kiasi, bila kukunjamana, mbali na manifoldi ya moshi na mbali na feni. Usitengeneze bonde katikati. Petroli inayoponyoka kwenye kabureta hukusanyika hapo, na mwisho wake inailoweka dayaframu. Mpira ushuke kutoka distributa kuelekea kabureta, au upande kwanza kisha ushuke. Kama gari lako lina bomba la chuma na vipande vifupi vya mpira kwenye ncha, baki nalo, badilisha hivyo vipande tu. Kile kikopo kidogo katikati ya bomba kwenye baadhi ya magari ya Uingereza ni mtego wa petroli. Si pambo, kirudishe kikiwa kimesimama wima.

   Mpira uingie kwa kubana. Ukiingia kwa ulaini kama kidole kwenye pete, ni mpana. Kuubana kwa klempu ni dawa ya kufikia nyumbani tu.

10. Ziba kila kidomo kisichotumika cha manifoldi. Tumia kizibo cha mpira. Skrubu iliyofungwa utepe inafika wiki moja. Kidomo kimoja kilichoachwa wazi kinaingiza hewa isiyopimwa, sailensa inapanda, mchanganyiko unakuwa hafifu, injini inamisi, na wewe unalaumu moduli.

11. Weka taimingi. Ni lazima. Moduli haichochei cheche pale hasa pointi zilipokuwa zinafunguka, kwa hiyo taimingi ya jana haipo tena. Kwa injini nyingi, mpira unachomolewa na kuzibwa, sailensa inashushwa hadi kiwango cha kitabu, kisha unalenga taa kwenye alama za puli ya krenki na kuzungusha distributa. Ukiizungusha kinyume na mzunguko wa rota, cheche inawahi, ukiifuatisha, inachelewa. Kaza boliti, soma tena, maana kukaza mara nyingi kunaisogeza.

    Kosa kubwa liko hapa. Tuseme kitabu kinataka digrii 10 kabla ya topu (pistoni ikiwa juu kabisa), mpira wako uko kwenye manifoldi na kopo linaongeza 12 za krenki. Ukiweka 10 bila kuchomoa mpira, taimingi ya msingi uliyoacha ni digrii 2 baada ya topu. Kwenye sailensa kila kitu kitaonekana kizuri. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, vakyumu inapotea, na gari linakuwa kama linavuta gogo.

    Yapo magari ya kinyume. Volkswagen Beetle zenye kopo la vidomo viwili hupimwa mipira yote ikiwa imechomekwa, digrii 5 baada ya topu. Ndiyo maana kitabu kilitangulia kwenye orodha.

12. Chomeka mpira na uangalie taa. Kama ni vakyumu ya kabureta, alama kwenye sailensa isisogee unapochomeka. Ikisogea, kipepeo kimefunguliwa sana na skrubu ya sailensa mpaka kimefunua lile tundu. Rudisha skrubu, tafuta kwa nini injini ilihitaji kufunguliwa hivyo, kisha rudia taimingi. Kama ni manifoldi, alama itaruka, kwa mfano kutoka 10 hadi 22, na mzunguko utapanda. Hiyo ni sawa. Shusha sailensa kwa skrubu ya kipepeo, si kwa kuzungusha distributa.

    Kisha pandisha injini hadi 2500 na uishikilie hapo. Soma, chomoa mpira na uuzibe, soma tena. Tofauti iwe karibu na kile kopo linachotakiwa kuongeza. Tofauti ikiwa sifuri, rudi hatua ya 4 na ya 7.

13. Toka barabarani. Mwendo wa kawaida gia ya juu, mguu mwepesi, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo. Sikiliza kama kuna kugonga, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo.

Magari yasiyofuata mstari

*Kopo lenye vidomo viwili.* Kidomo kilicho upande wa nje, mbali na distributa, ni cha kuwahisha cheche. Kile kilicho upande unaotazama distributa ni cha kuchelewesha, nacho hupata vakyumu ya manifoldi. Kiliwekwa kusafisha moshi kwenye sailensa. Ukivichanganya, injini inachemka kwenye foleni na inakosa nguvu barabarani.

*Distributa isiyo na kopo*, kama Bosch 009 inayopendwa kwenye Beetle. Hakuna mpira wa kuchomeka. Ziba kidomo cha kabureta, endelea na maisha. Ukiona gari linazubaa kidogo unapoondoka, ni tabia ya distributa hiyo na moduli haitaiponya.

*Distributa nzima mpya ya kielektroniki.* Nyingine zina kopo la kawaida, fuata hatua hizi. Nyingine, kama 123ignition, zina matoleo ambayo kidomo kinapeleka vakyumu kwenye kihisi cha ndani na hakuna dayaframu. Hapo usinyonye kwa mdomo wala usitafute bamba. Soma karatasi yake uone inataka vakyumu ipi, na mpira uwe mkavu usio na petroli.

*Swichi ya vakyumu ya joto.* Magari ya miaka ya 1970 mara nyingi yana kidude cha vidomo vitatu kilichofungwa kwenye njia ya maji. Injini ikipata joto kupita kiasi, kinahamisha distributa kutoka vakyumu ya kabureta kwenda ya manifoldi ili sailensa ipande na feni ipulize zaidi. Kama kinafanya kazi, kiache. Kama kimekufa, unaweza kupeleka mpira moja kwa moja kutoka kabureta hadi distributa, mradi uzibe kile cha manifoldi.

*Kabureta mbili au zaidi.* Tumia kidomo kile kimoja kilichokusudiwa na kiwanda. Ukichukua vakyumu kwenye njia ya silinda moja tu, inakuja kwa mapigo, sindano ya geji inatikisika, na bamba nalo linatikisika.

Na usikate mpira wa busta ya breki kuweka tawi la distributa. Baada ya valvu ya busta, vakyumu imehifadhiwa, haishuki unapokanyaga mafuta, kwa hiyo taimingi itabaki imewahi wakati ambapo inatakiwa irudi. Hilo ni la injini. La breki sidhani nina haja ya kulieleza.

Ikikataa

Sailensa iko juu na haishuki: tafuta kidomo kilicho wazi au mpira uliopasuka. Bana mpira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Ule ukibanwa mlio unabadilika, ndio wenyewe. Mpira mrefu ukiuweka sikioni na kupitisha ncha nyingine kwenye viungo, utasikia mluzi. Wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta wakisubiri mlio ubadilike. Inafanya kazi, na pia inawaka moto vizuri sana juu ya manifoldi ya moshi. Mimi natumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia.

Inagonga kwa mguu mwepesi lakini ikikanyagwa sana haigongi: kopo linaongeza mno. Kama ni la kurekebishwa kwa ufunguo mdogo kupitia kidomo, lipunguze; kama si la kurekebishwa, tafuta lenye digrii chache. Inagonga ikikanyagwa sana: si vakyumu, ni taimingi ya msingi au vile vyuma vizito.

Inakunywa mafuta na inapata joto kwenye mwendo wa taratibu, lakini nguvu ya kupanda mlima ipo: vakyumu haifiki. Dayaframu imetoboka, mpira uko kwenye kidomo mfu, au kifimbo hakikushika pini.

Inakata ghafla unapoachia au unapogusa mafuta, kisha inarudi: waya wa moduli unavutwa bamba linaposogea. Zima, vua kifuniko, nyonya mpira huku unapima mwendelezo wa waya kwa multimita. Waya uliokatikia ndani ya gamba lake huonekana mzima kabisa mpaka bamba lizunguke.

Alama ya taimingi inarukaruka kwenye sailensa: chomoa mpira na uzibe. Ikitulia, vakyumu ndiyo inayocheza. Isipotulia, shafti ya distributa imelegea kwenye bushi zake, na hapo hakuna mpira utakaosaidia.

Injini inawaka, inakwenda vizuri, ila mpira una petroli ndani: umepinda vibaya au kiwango cha petroli kwenye bakuli la kabureta kiko juu. Rekebisha mapema, dayaframu haidumu ikilowa.

Baada ya wiki mbili hivi, injini ikiwa imezimwa na bado ina joto, vuta kila ncha ya mpira kwa vidole viwili. Mpira mpya hulegea kidogo ukishapata joto mara kadhaa. Inayotoka bila kubisha, kata sentimita moja na uichomeke upya.